Mbegu nayo inahitaji hewa

Kila masika wauza pembejeo husikia malalamiko yale yale: mahindi hayakuota, kwa hiyo mbegu ni feki. Mbegu feki zipo, na wanaoziuza wabanwe. Lakini mara nyingi mkosaji ni maji yaliyotuama shambani. Mkulima anayenunua mfuko wa pili na kupanda pale pale anapata hasara mara mbili.

Mbegu ni kitu hai. Huhitaji oksijeni ili igeuze chakula chake kuwa nguvu ya kuota, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Udongo ukijaa maji, mbegu ya mahindi hukosa hewa ikaoza. Hata mche uliokwisha kuota hauko salama, kwani hadi kufikia majani sita hivi ncha yake ya kukua bado iko chini ya udongo.

Mizizi nayo hutoa etilini, homoni ya gesi ile ile inayoivisha ndizi. Maji huizuia isitoke, ikajilimbikiza na kudumaza mizizi. Majani yakigeuka njano, wengi hukimbilia urea. Kuweka urea kwenye maji ya namna hiyo ni kumwaga fedha, maana naitrojeni hupotea na mizizi haina nguvu ya kuifyonza.

Mpunga unajua kuota majini, lakini nao una kikomo. Mafuriko yakiufunika wote, etilini huamsha homoni ya jibereli, mmea ukarefuka kutafuta hewa hadi ukamaliza akiba yake. Maji yakishuka, hulala na kufa. Mwaka 2006 watafiti walitangaza jeni ya Sub1A, iliyotokana na mpunga wa asili wa India, ambayo hutuliza mbio hizo. Mbegu ya Swarna-Sub1, iliyoidhinishwa India mwaka 2009, huvumilia kuzama kwa wiki mbili hivi.

Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti. Wakulima wa mabonde kama hayo wanastahili mbegu yenye jeni hiyo, iliyojaribiwa katika mazingira yetu na yenye ladha inayokubalika sokoni.

Wakati tukisubiri, tuanze na jembe. Mfereji wa kutolea maji na matuta ni kazi ya mikono, wakati mbegu na mbolea ni fedha taslimu. Pia, kabla ya kupanda, hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, kisha baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiota nyumbani zikakataa shambani, chunguza shamba lako. Zikikataa nyumbani, chukua risiti urudi dukani ukiwa na ushahidi. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuogopa jaribio hilo.