Mchakato Unaendelea, Maji Hayatoki



Kuna neno moja ambalo kiongozi akilitamka mkutanoni, jua hapo hamna kitu. Neno lenyewe ni "mchakato". Uliza maji yatatoka lini, utaambiwa mchakato unaendelea. Uliza fidia ya waliobomolewa nyumba kupisha barabara, mchakato uko hatua za mwisho. Uliza ajira za walimu, mchakato tena. Neno hili halina tarehe, halina jina la mtu, wala halina shilingi ndani yake. Ndiyo maana wanalipenda.

Na mchakato hauko peke yake, una ukoo mzima. Kuna changamoto, wadau, tija, mpango mkakati, upembuzi yakinifu na kujengewa uwezo. Lugha hii ilikomaa kwenye makampuni makubwa ya nje, ikapita kwa wafadhili na washauri waelekezi, ikaingia wizarani na kwenye mashirika ya umma. Leo imefika mpaka kwa mtendaji wa kata.

Tusielewane vibaya. Sisemi kila neno la kitaalamu ni baya. Mhandisi akisema upembuzi yakinifu, ana maana yake: kuchunguza kabla ya kujenga kama mradi unawezekana na utagharimu kiasi gani. Hilo ni neno la kazi. Ugomvi wangu ni na neno linalotumika kuficha nani kafanya nini.

Tuanzie huko lilikotoka gonjwa. Julai 2014 kampuni ya Microsoft ilipunguza wafanyakazi, wengi wao wa upande wa simu uliotoka Nokia. Bosi wao, Stephen Elop, akawaandikia barua. Alianza na salamu nyepesi, akaeleza mikakati ya simu aya baada ya aya, na ndani kabisa ndipo akagusia kwamba watu kama 12,500 watapoteza kazi. Mtu anasoma barua kuhusu bidhaa, kumbe anasoma habari ya ugali wa watoto wake.

Hapa kwetu nimeyaona kwa macho. Nilipata kufanya kazi ya mkataba mfupi kwenye shirika moja kubwa, jina sitalitaja. Likabandikwa tangazo kwamba menejimenti "inahuisha muundo wa rasilimali watu ili kuongeza tija". Mlinzi mmoja mtu mzima akalisoma mara mbili, akatuuliza: "Sasa wanangu, hapa tunafukuzwa au tunaongezwa mshahara?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwisho wa mwezi jibu lilikuja lenyewe. Madereva, wafagizi na sisi wa mikataba tulitoka. Magari ya wakubwa yalibaki na mafuta yake.

Hebu litazameni lile neno "rasilimali watu". Zamani idara ile iliitwa Utumishi, na mtumishi ni mtu, ana jina na ana haki zake. Rasilimali ni mbao, ni madini, ni kitu cha kuchimbwa. Ukishamwita mtu rasilimali, kumpunguza kunakuwa hesabu tu. Vilevile mwananchi siku hizi anaitwa mdau, au "ndugu mteja". Mteja asiporidhika anaambiwa aende duka jingine. Mwananchi hana duka jingine, ana haki ya kumwondoa mwenye duka. Mnaona kilichoibwa hapo?

Sasa tuje kwenye mambo ya kitaifa. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ililia. Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo na kuagiza alama zipangwe upya. Sifuri zikapungua. Kati ya Februari na Mei hakuna mtoto hata mmoja kati ya wale aliyerudishwa darasani kufundishwa alichokikosa. Kilichobadilika ni kipimo. Mwaka huohuo ukazinduliwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioigwa Malaysia, na elimu ikiwa moja ya sekta sita za mwanzo. Kukawa na "maabara" za wataalamu, vipaumbele, viashiria vya utendaji. Mtihani wa 2014 ukapangwa kwa GPA, baadaye tukarudi kwenye madaraja yaleyale ya zamani. Maneno yalikuja na yakaondoka. Mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa hesabu alibaki palepale.

Na anayethubutu kusema wazi yanampata nini? Desemba 2018 aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa. Akasema kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba kuna udhaifu wa Bunge katika kuisimamia serikali. Januari 2019 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge, akaeleza kuwa udhaifu ni neno la kawaida kwa wakaguzi. Halikusikilizwa hilo. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba ofisi ikawa na mtu mwingine. Neno lilelile likikaa ndani ya ripoti nene, kati ya majedwali, halimsumbui mtu. Likitoka redioni mama ntilie akalisikia, linakuwa kosa.

Watatuambia nchi haiwezi kuendeshwa kwa lugha ya kijiweni. Sawa, lakini nchi hii iliwahi kuendeshwa kwa lugha iliyonyooka. Unaweza usilipende Azimio la Arusha la 1967, wapo wengi humu wasiolipenda. Lakini masharti yake ya uongozi yalikuwa wazi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Jirani yako tu angeweza kukukagua, maana nyumba ya kupangisha inaonekana. Leo tunaandikiwa "kuimarisha mifumo ya maadili na uwajibikaji". Hebu niambieni, jirani atakagua nini hapo?

Na mchakato mkubwa kuliko yote mnaujua. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilipitishwa 2011. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima, wazee wakatoa maoni yao. Bunge Maalum likakaa 2014. Kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Kijana aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule wa 2011 leo ana kitambulisho cha mpiga kura, na bado anasikia neno lilelile. Mchakato umezeeka kuliko baadhi yenu mnaosoma hapa.

Kwa hiyo tufanye nini? Sipendekezi semina, maana semina nayo ni sehemu ya gonjwa. Napendekeza maswali matatu: Nani? Lini? Shilingi ngapi? Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Mwenyekiti akisema kuna changamoto ya upatikanaji wa maji, nyanyua mkono kwa heshima: "Mzee, shikamoo. Pampu imekufa lini, nani alipewa kazi ya kuitengeneza, na kalipwa shilingi ngapi?" Akijibu mchakato, rudia swali. Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze na muhtasari huohuo.

Na sisi vijana wa upinzani tuwe wa kwanza kupimwa kwa kipimo hicho. Mgombea wetu akipanda jukwaani na "kuweka mazingira wezeshi kwa vijana", mshusheni kwa maswali yaleyale matatu. Tukiingia ofisini na lugha ileile, wananchi watakuwa wamebadilisha rangi ya bendera tu, na bomba litaendelea kukauka.

Maji yakitoka, hakuna anayehitaji kuelezwa. Mama anatega ndoo, inajaa. Mpaka siku hiyo, tusikubali neno badala ya maji.