Kwaresima Imekwisha, Chupa Imerudi



Kila mwaka, juma la kwanza baada ya Pasaka, sisi tunaofanya kazi katika chumba cha wagonjwa wa nje huwa tunajua mapema tutakayoyaona. Anakuja baba aliyeanguka na baiskeli usiku wa sikukuu. Anakuja mwingine ambaye vidonda vyake vya tumbo vilikuwa vimetulia, na sasa anajikunja kwa maumivu. Anakuja mama ambaye hana homa wala kikohozi, ila jicho limevimba, na ukimwuliza anasema amejigonga mlangoni. Wengi wao ni watu tunaowajua. Baba wa baiskeli alikuwa ametimiza siku 40 bila kuonja pombe, na mkewe alikuwa ameanza kunenepa. Mama mmoja aliwahi kutuambia kwa uchungu: "Sista, Kwaresima ingekuwa mwaka mzima, nyumba yangu ingekuwa na amani."

Zamani maneno kama hayo yalituchekesha. Siku hizi tunayatafakari. Mtu ameweza kukaa siku 40 bila pombe, na hakuna aliyemfunga kamba. Kisha jioni moja tu yote yamekwisha. Majirani wanasema hana nia. Mkewe anasema hana huruma. Sisi wauguzi, tukiwa tumechoka na foleni ni ndefu, tunasema hasikii. Maoni yetu leo ni kwamba wote tumekosea, na kosa letu sisi wauguzi ni kubwa zaidi, kwa sababu tulisomea kazi hii.

Tuanze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali tuliyokuwa tukifanya kazi wakati huo, alikuwako mzee mmoja wa kliniki ya presha. Kila mwezi tulipompima, shinikizo la damu liko juu. Tulimwuliza kama anameza vidonge, akajibu, "Nameza, mama." Tukijua hamezi, tulimgombeza mbele ya foleni nzima. Tulimwambia atakufa, ataacha yatima, anapoteza dawa za Serikali. Mwezi uliofuata tena vile vile. Mwezi wa nne hakuja, na ni lazima tukiri kwamba tulifurahi, maana foleni ilipungua. Mwezi wa saba aliletwa juu ya mkokoteni, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Kiharusi. Mkewe alisema kwa sauti ndogo: "Alikuwa anawaogopa ninyi kuliko ugonjwa."

Neno hilo hatujalisahau.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba kugombezwa huwashinda watu wa kijijini tu. Huwashinda hata madaktari. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, daktari Mhungari aitwaye Ignaz Semmelweis aliona wazazi wanakufa kwa homa ya uzazi katika wodi walimofundishwa wanafunzi wa udaktari. Aligundua kwamba wanafunzi hao walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikufa wazazi kama 18 katika kila 100. Kufika Juni walikuwa kama wawili. Ungedhani Ulaya nzima ilikimbilia beseni. Sivyo. Wakubwa wengi wa udaktari walimpuuza, naye kwa hasira akawaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Alikuwa na haki, lakini mtu aliyeitwa mwuaji hanawi mikono, anajitetea. Semmelweis alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na wengi walikuwa bado hawajamwamini.

Sasa angalieni jambo la pili, la siku za karibu. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Geneva, mwaka 1994, wafanyakazi waliochunguzwa walisafisha mikono mara 48 tu katika kila mara 100 walizopaswa kufanya hivyo. Hao ni watu waliosoma, kila mmoja anajua vijidudu ni nini. Viongozi wao walitundika mabango, lakini zaidi ya yote walileta chupa za dawa ya spiriti ya kusugua mikononi, wakaziweka kando ya vitanda na hata mifukoni mwa makoti. Kufika mwaka 1997 idadi ilikuwa imepanda hadi 66. Watu ni wale wale. Kilichohama ni chupa.

Hata sisi tumeliona hilo kwa macho yetu. Wodi yetu ilikuwa na sinki moja, mwisho kabisa, nyuma ya kabati la mashuka. Tulihubiriana kuhusu kunawa mpaka tukachoka. Fundi alipotutengenezea ndoo yenye bomba, tukaiweka mlangoni na sabuni imening'inizwa kwa kamba, hata wageni wanaoleta uji wakaanza kunawa bila kuambiwa. (Sabuni ya kwanza iliibwa, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Wataalamu wa saikolojia wanatueleza hivi: jambo likirudiwa mara nyingi mahali pale pale na saa ile ile, ubongo hulifanya kuwa mazoea, ili usisumbuke kuamua upya kila siku. Hushika alama, kisha tendo, kisha faida inayofuata. Kwa mnywaji, alama ni nyingi: saa kumi na moja jioni, mshahara mfukoni, njia inayopita kilabuni, sauti ya rafiki akiita, "Shemeji, pita kidogo!" Miguu inageuka kabla kichwa hakijasema neno. Ndiyo maana mtu anakuapia asubuhi kwa machozi ya kweli, na jioni anarudi amelewa. Hakukudanganya asubuhi. Aliyeapa alikuwa nyumbani, kilabu kiko mbali.

Mfano mkubwa wa hayo ulionekana katika vita vya Vietnam. Mwaka 1971 Serikali ya Marekani iliingiwa na hofu, kwani askari wake wengi walikuwa wakitumia heroini huko vitani. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia baada ya kurudi makwao, karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba alikuwa mtumwa wa dawa hiyo kule Vietnam. Watu walitazamia balaa. Lakini kati ya hao waliokuwa watumwa wa dawa, ni kama watano tu katika kila 100 waliorudia utumwa huo katika mwaka wa kwanza nyumbani. Waliacha nyuma vita, hofu, wenzao wa kuvuta nao, na dawa iliyopatikana kwa bei ndogo kila kona. Hatusemi kwamba kila mlevi ahamishwe mji. Tunasema mahali na watu wana nguvu kuliko tunavyopenda kukubali.

Turudi sasa kwenye Kwaresima yetu. Katika siku zile 40, ni nini hasa kilichobadilika? Wengine husema ni nia, na neema ya Mungu hatuiondoi. Lakini tazameni pia mambo ya nje. Harusi zimesimama, kwa hiyo hakuna sherehe kila Jumamosi. Rafiki zake watatu nao wamefunga, kwa hiyo hakuna wa kumwita. Ijumaa jioni, saa ile ile ya kilabu, yuko kwenye Njia ya Msalaba. Akikataa glasi hakuna anayemcheka, maana anasema, "Nimefunga," na neno hilo linaheshimiwa. Parokia nzima imemjengea uzio bila kujua. Sikukuu ya Pasaka tunaubomoa uzio wote kwa siku moja, tunamwekea kreti mezani, halafu tunamwuliza nia yake imekwenda wapi.

Tena siku 40 ni chache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuata watu 96 waliotaka kujizoeza jambo dogo la kila siku, kama kula tunda au kutembea kidogo. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2009, muda wa kati wa jambo kuwa mazoea ulikuwa siku 66. Kuna aliyefikia hali hiyo kwa siku 18, na kuna ambaye, kwa hesabu yao, angehitaji siku 254. Kwa hiyo mume wako akichukua muda mrefu kuliko wa jirani, si lazima awe mbaya kuliko wa jirani. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Hilo la kuruka siku moja tungependa lisomwe kwa sauti katika kila jumuiya ndogondogo. Wengi wanaoanguka huanguka mara mbili. Mara ya kwanza ni glasi moja. Mara ya pili ni pale anapojiambia, "Nimekwisha haribu, basi ninywe tu." Na mara nyingi ni sisi wa nyumbani tunaomsukuma kwenye anguko hilo la pili, tunapompokea mlangoni kwa maneno, "Tulijua tu!" Siku hiyo moja, kuliko siku nyingine zote, ndiyo ya kumpa chakula na kumwacha alale. Mazungumzo ni kesho yake.

Mtaalamu wa Marekani William Miller, aliyehudumia walevi, aliandika mwaka 1983 juu ya njia nyingine ya kuzungumza, na wauguzi wengi siku hizi wanafundishwa njia hiyo. Kwa ufupi, mtu huamini zaidi sababu anazozitamka mwenyewe kuliko zile anazotamkiwa. Ukimwambia baba, "Pombe inakuua," atakutafutia babu yake aliyekunywa mpaka uzee. Ukimwuliza, "Baba, kuna jambo lolote katika unywaji huu linalokusumbua wewe mwenyewe?" kisha ukanyamaza (hapo ndipo pagumu kwetu wanawake wa kazi), mara nyingi atasema. Mmoja alikaa kimya kama dakika mbili, akasema, "Mtoto wangu wa mwisho hunikimbia nikirudi." Hatukuongeza neno. Tulimwuliza tu angependa kuanzia wapi. Akasema atatoka kazini kwa njia ya shuleni, asipite sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, na hatukumwandikia sisi.

Tunajua wako watakaotupinga. Mwenzetu mmoja mkongwe hutuambia kwamba tunawadekeza watu, kwamba bila hofu hakuna atakayeacha kitu. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Ukweli lazima usemwe: presha ya 180 ni 180, na mgonjwa ana haki ya kujua kwamba inaweza kumletea kiharusi. Lakini hofu bila hatua ya kufuata humfanya mtu ajifiche. Na mara nyingine tunagombeza tabia ambayo si tabia. Mama mmoja tulimwita mzembe kwa kukosa kliniki miezi miwili, kumbe hakuwa na nauli. Uliza kwanza.

Kwa wale wanaotaka kuanza jambo, tunashauri lianze dogo na lifungwe kwenye jambo lililokuwapo tayari. Vidonge vikae karibu na mswaki au birika la chai, si juu ya kabati. Kopo la chumvi liondoke mezani, maana mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha pikwa. Sigara zisinunuliwe pakiti na kuwekwa nyumbani.

Lakini kwa pombe tunatoa onyo. Anayekunywa sana kila siku, ambaye mikono hutetemeka asubuhi mpaka anywe, asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Aje hospitali asaidiwe kuacha. Na mama anayepigwa asingoje mazoea ya mtu yabadilike kwa siku 66 wala 254. Aje atibiwe jeraha, aende kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na jumuiya isimrudishe nyumbani kwa maneno matamu.

Yule mzee wa kiharusi bado yu hai. Mkono haukurudi sawasawa, lakini anatembea kwa fimbo, na huja kliniki na mkewe. Tulimwomba msamaha, akacheka upande mmoja wa mdomo. Tulipomwuliza ni kitu gani hakosi kufanya kila siku, alijibu bila kufikiri: kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Basi kopo la vidonge likahamia juu ya redio. Mwezi uliopita presha ilikuwa 138 kwa 86. Alikiri kwamba aliruka siku mbili, kwa sababu betri zilikwisha. Mkewe amekwisha nunua nyingine.