Wingi wa Wasemaji si Ushahidi

Siku hizi taarifa kuhusu dawa, ajira na mitihani humfikia mwananchi wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa simu yake ya mkononi kabla hazijabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yoyote. Hayo ni maendeleo. Lakini kasi ya habari si kipimo cha ukweli wake, wala wingi wa wanaoirudia si ushahidi. Mkoa wa Arusha ulikwisha kulipata funzo hilo kwa gharama kubwa.

Mwaka 2011 ilienea habari kwamba Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na kwamba kikombe kimoja kilitosha kuponya hata kisukari na UKIMWI. Watu walimiminika kwa maelfu, baadhi yao wakiwa wametolewa katika vitanda vya hospitali. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na mwezi Machi ilitangazwa kuwa watu wapatao 50 walikuwa wamefariki dunia wakisubiri zamu yao.

Ushahidi ulikuwa upi? Kwamba jirani amekwenda. Kwamba viongozi nao wameonekana wakipokea kikombe. Kwamba wataalamu wa serikali hawakuona madhara katika dawa ile. Hakuna hata moja kati ya hayo lililojibu swali la msingi: ni nani aliyepimwa kabla ya kunywa, akapimwa tena baadaye, akathibitika kuwa amepona? Kutodhuru si kuponya. Jibu lilipaswa kutafutwa katika maabara za hospitali kama ile ya Nkoaranga, ya Kanisa lile lile la Kilutheri alilolitumikia mchungaji huyo. Halikuweza kupatikana katika foleni.

Leo foleni ya namna hiyo haihitaji barabara, kwani hupangwa ndani ya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayesambaza uongo huku akijua kuwa ni uongo. Haimgusi mtu mwema anayesambaza asichokijua. Mtu huyo, mara nyingi, ni mwalimu au mtumishi wa umma. Mwanakijiji akipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu, mganga wa zahanati au mtendaji wa kata, hauchukulii kuwa ni uvumi. Huuona kana kwamba umepigwa muhuri wa serikali.

Kwa hiyo hapana budi mtumishi aulize kabla ya kupeleka mbele: Nani amesema, na ana mamlaka gani katika jambo hilo? Amesema lini, au ni tangazo la zamani lililofufuliwa? Wizara au baraza linalohusika linasemaje? Asipopata majibu, na aache. Ofisi nazo ziwajibu wananchi mapema, maana ukimya wa ofisi ndio mbolea ya uvumi.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi hawakuachwa wameze tu yaliyosemwa redioni. Walikaa katika vikundi, wakasoma kitabu, wakajadili, ndipo wakachimba vyoo. Chombo kimebadilika, lakini wajibu wa kupima neno kabla ya kulitenda umebaki pale pale.