Kesi Isiamuliwe kwa Ubashiri

Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Nakuru iliitupilia mbali kesi ya jamii ya Endorois, waliohamishwa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama. Hawakukubali yaishe. Walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Februari 2010 Umoja wa Afrika ukaidhinisha uamuzi kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Sasa ichukue programu ya kubashiri kesi, uilishe hukumu za Nakuru hadi mwaka ule wa 2002, kisha uiulize kama Waendorois wangeendelea kudai. Ingewaambia warudi nyumbani.

Mwaka 2016 watafiti walizipima kesi 584 za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na kompyuta ikabashiri kwa usahihi matokeo ya asilimia 79. Wale ambao iliwakosea, zaidi ya mmoja katika kila watano, nao walikuwa na kesi.

Takwimu hatuzipingi. Mahakama hukusanya data za kesi kila siku; zitumike panapouma. Mlalamishi wa Olenguruone hupanda matatu alfajiri, akafika Nakuru akakuta kesi yake imerundikwa na nyingine ambazo jaji mmoja hawezi kuzimaliza, akarudi na tarehe mpya na nauli imekwisha. Kukadiria jaji atasikiza kesi ngapi kwa siku ni hesabu inayowezekana, na masijala isiyoifanya haina kisingizio.

Dhamana ni jambo jingine. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mshukiwa haki hiyo isipokuwa pawe na sababu nzito, na alama ya kompyuta inayokadiria kama mtu atarudia kosa si sababu nzito. Huko Wisconsin, Marekani, jaji alimhukumu mtu akizingatia alama kama hizo za programu ya COMPAS, ambayo wamiliki wake walikataa kufichua inavyokokotoa. Mahakama ya juu ya jimbo ikabariki, mwaka 2016. Aibu hiyo isiletwe hapa.

Sehemu ya 35 ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamkinga raia asiamuliwe na mashine pekee. Mahakama basi iandike kanuni kabla programu yoyote haijaingia: hesabu ikitumika, pande zote zioneshwe, zipewe nafasi ya kuihoji.

Mawakili nao wasijifiche. Anayemrudisha mteja kwa kuwa kompyuta imetabiri atashindwa ameacha kazi yake. Kesi ikiwa dhaifu, aseme hivyo wakili aliyesoma faili, na atie sahihi.