Msumeno Usiwe Tiba ya Kwanza

Apitaye Mtaa wa Msimbazi jioni, akielekea sokoni Kariakoo, huenda akamwona mzee aliyekwenda hatua mia tu, kisha akasimama mbele ya duka la vitenge kana kwamba anachagua. Hachagui kitu. Msuli wa mguu umembana, naye anangoja maumivu yapoe ndipo aendelee. Wajerumani wameyapa maradhi haya jina la utani: ugonjwa wa madirisha ya duka. Sisi twayaita uzee, na kwa kuyaita uzee tumejipa ruhusa ya kukaa bure.

Ndugu wasomaji, huo si uzee. Ni kuziba kwa mishipa ya ateri ipelekayo damu miguuni. Mafuta hujikusanya katika kuta za mshipa, njia ikawa nyembamba, na msuli unapofanya kazi ukakosa damu ya kutosha. Wachochezi wake wanajulikana: tumbaku, kisukari, shinikizo la damu na lehemu iliyozidi. Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Hiyo ni kasumba. Hesabu ya wataalamu ilionyesha kwamba mwaka 2010 waliougua duniani walizidi milioni 200, na zaidi ya theluthi mbili yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Tiba ipo, na ina ngazi zake. Ya kwanza ni kuacha tumbaku kabisa. Ya pili ni kutembea: angalau mara 3 kwa wiki, dakika 30 au zaidi, kwa muda usiopungua wiki 12. Mgonjwa hutembea mpaka maumivu yamshike, hupumzika, kisha huendelea. Kwa mkazi wa Kariakoo, viwanja vya Mnazi Mmoja vyatosha kuwa zahanati yake. Ya tatu ni dawa: aspirini au nyingine ya kuzuia damu isigande, statini za kupunguza lehemu, pamoja na kudhibiti sukari na shinikizo. Dawa hizi humkinga pia na kiharusi na mshtuko wa moyo. Hayo yasipofaa, au mguu ukiwa hatarini, madaktari huweza kupanua mshipa kwa puto dogo, au kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite kando ya palipoziba. Kukata mguu ni ngazi ya mwisho.

Kwa nini basi wengi wetu huanzia ngazi ya mwisho? Wapo watakaojibu kwamba hatuna mashine. Jibu hilo halitoshi. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Lakini hakuna mashine itakayotoka Upanga kwenda kumtafuta mzee wa Msimbazi. Mapigo ya damu juu ya unyayo hupapaswa kwa vidole vya muuguzi. Hatua inayofuata ni kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Likishuka chini ya 0.9, dalili ni ya wazi. Pamoja na hayo, mgonjwa wa kisukari aweza kuhudhuria kliniki mwaka mzima, akachomwa kidole, akafungwa mkono kupimwa shinikizo, kisha akarudi nyumbani bila kuambiwa hata siku moja avue viatu!

Uzembe huo ni wa hatari, maana kisukari huua fahamu za mguu, na mgonjwa hasikii maumivu ya kumwonya. Nyumbani hushauriwa aloweke mguu katika maji ya moto. Huungua bila kujua, na kidonda hukosa damu ya kukiponya. Afikapo hospitali, kidole kimekwisha kuwa cheusi, na aliyebaki kumhudumia ni mwenye msumeno.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kinga, wakachimba vyoo. Hawakungoja mashine. Walimu na watumishi wa Serikali ndio waliokuwa nguzo za kazi hiyo, na leo hawana budi kuanza na miguu yao wenyewe. Mtumishi ambaye mshahara wake hukatwa mchango wa Bima ya Afya, utaratibu ulioanza mwaka 2001, ana haki ya kumwambia daktari: tazama na miguu yangu. Na kila kliniki ya kisukari na shinikizo la damu iifanye kazi hiyo kuwa sharti.

Aumwaye mguu usiku akiwa amelala, mwenye kidonda kisichopona, au aliyebadilika rangi ya kidole, asianze kutembea wala kuloweka. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Mguu uliokatwa haurudi, na mchukuzi wa Kariakoo asiye na mguu amepoteza na mkate wa watoto wake.