Tyuna ya TV isiwale mtaji vijana wa Mkomaindo

Hivi nani anawadanganya vijana wetu? Hela ya korosho ikishaingia Masasi, kijana anayetaka kufungua kibanda cha gemu pale Mkomaindo anaambiwa: "TV ya nini na kompyuta unayo? Chomeka tyuna, unganisha PlayStation 2, ukusanye hela." Nasema huo ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula mtaji.

Picha itatokea, sikatai. Lakini tyuna nyingi za USB huibana picha kwanza, kisha kompyuta inaifumua ndipo uione. Ukiangalia mkanda wa harusi hutagundua kitu. Kwenye gemu ya mpira, unabonyeza kupiga shuti, mchezaji wako anashtuka mpira umeshanyang'anywa. Mteja aliyelipia mechi atarudi kesho? Thubutu!

Eti "utapata na televisheni." Televisheni ipi, jamani? Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tyuna ya analojia imebaki kupokea nyaya za deki na gemu tu.

Sina ugomvi na kile kiboksi kinachochomekwa moja kwa moja kwenye monita bila kupitia kompyuta. Ukikikosa, tafuta TV ya chogo, haina longolongo.

Muuzaji akibisha, mwambie aunganishe hapo hapo dukani, ucheze mechi nzima, ndipo utoe hela. Akikataa, jibu umeshalipata.