VIJANA, MZOGA WA LAND ROVER SI MTAJI!

Leo tuambizane ukweli bila kumung'unya maneno. Wewe uliyeko Karatu mjini, Ngarenaro, Unga Limited au hata Manzese, bila shaka umeshaonyeshwa ile picha. Land Rover 109 imekalishwa juu ya matofali, haina injini, haina taa, paa lilishang'olewa zamani na majani yameota mpaka kwenye kiti cha dereva. Muuzaji anakwambia kwa sauti ya upole, "Mdogo wangu, hii ni dili. Itengeneze, ipige turubai, shusha wazungu kreta, mwaka mmoja pesa imerudi." Nawe mbio kuuza magunia ya vitunguu vya Mang'ola, au unamng'ang'ania mzee auze ng'ombe wawili, ili ukanunue mzoga!

Unaingizwa mjini mchana kweupe, na unacheka.

Simaanishi kwamba Land Rover ni gari baya. Nani katika nchi hii asiyeijua? Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kule Amsterdam mwaka 1948, ikiwa gari la wazi la mkulima, turubai juu, bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Bei yake ilikuwa pauni 450. Huku kwetu ikabeba mabwana shamba, manesi, mapadri, na viongozi wa TANU waliokuwa wakizunguka vijijini kudai uhuru. Ngorongoro ilipotenganishwa na Serengeti mwaka 1959, gari la porini lilikuwa hilohilo.

Sasa jembe hilo la mkulima limegeuka anasa ya matajiri. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya muundo ule wa zamani tarehe 29 Januari 2016. Mwaka huohuo kampuni yenyewe ikatangaza kwamba itafufua Series I 25 za kale, bei kuanzia pauni 60,000! Huko Marekani nako, gari likishatimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, ndiyo maana wenye fedha wanahangaika kutafuta Defender za zamani dunia nzima. Habari hizo zimemfikia muuzaji wako. Amezisikia nusu, na nusu hiyo ndiyo anayokuuzia wewe.

Nusu ya pili ni hii. Tajiri wa Ulaya hanunui chuma chakavu, ananunua uhalisi. Anataka injini iliyotoka nayo kiwandani, giaboksi yake, namba ya chesisi inayolingana na karatasi, mpaka na viti vyake vilivyochanika. Wewe unafanya nini? Unaikokota hadi gereji, unachomeka injini ya Toyota au ya Nissan, unakata dashibodi kwa gesi, injini ya zamani unaiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa skrepa. Ukimaliza, huna kumbukumbu ya kumuuzia tajiri wala huna gari la kazi. Una kitu ambacho hata jina lake hatulijui.

Na fundi msimsingizie. Mafundi wa Arusha na Karatu wana akili ya kuzaliwa. Ni katika gereji za mkoa huu Land Cruiser zinakatwa katikati, zinarefushwa, zinawekewa paa la kuinuka, na ndizo mnazoziona zimepanga foleni lango la Lodoare kila alfajiri. Fundi wa namna hiyo akipewa muda na vipuri anaweza kusimamisha Land Rover kama ilivyotoka kwa Mwingereza. Lakini anafanya kwa pesa uliyomletea, na pesa yako ilishaishia kwa mwenye mzoga.

Kinachowaponza wengi ni ile aluminiamu. Unaona bodi haina kutu, unadhani gari zima. Chesisi ni chuma! Tope jekundu la Karatu huingia ndani ya mihimili yake, likakaa miaka na unyevu wake, likaila kimyakimya. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakiingia, yenyewe hugeuka unga mweupe. Lala chini ya gari, usione haya kuchafua shati. Chukua nyundo ugonge mhimili mzima, hasa nyuma kwenye springi. Chuma kizima hulia. Kikijibu kama debe la unga, au bisibisi ikapenya, inuka uage.

Halafu kuna kadi. Mizoga mingi ya porini ilikuwa mali ya serikali, ya misheni, ya mashirika yaliyokwisha kufa. Namba zake ni za kale, hazikuwahi kuhamishiwa kwenye mfumo wa namba za T. Muuzaji anakuonyesha karatasi ya mkono yenye sahihi ya mjomba wake. Utatengeneza miaka miwili, siku ya kwenda TRA ndipo utajua gari ni la marehemu ambaye warithi wake wako watano na hawasemezani.

Tuseme umevuka yote hayo, gari linanguruma. Unataka kushusha watalii? Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka leseni kwa kila anayefanya biashara hiyo. Turubai si leseni. Na barabara ya kushukia Seneto si barabara ya mchezo. Kutoka ukingoni hadi chini ni kiasi cha mita 600, na wanaruhusiwa wenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne tu, kwa sababu nzuri. Series zile zilitoka kiwandani na breki za dramu mbele na nyuma. Wewe umeongeza injini nzito na abiria sita, breki ni zilezile za mzee, bomba limefungwa kwa mpira wa tyubu. Hapo hatuzungumzii tena ng'ombe wawili wa baba yako. Tunazungumzia roho za watu, na yako ikiwemo.

Wakubwa nao tusiwaache. Oktoba 2024 Arusha ilifungiwa mitaa kwa ajili ya tamasha la Land Rover, mkuu wa mkoa wakati huo akiwa Paul Makonda. Lengo lilikuwa kuivunja rekodi ya Ujerumani ya magari 632, na ikatangazwa kwamba yamejitokeza zaidi ya 1,000. Sawa, tulipiga vigelegele, tulipiga picha. Magari yote hayo yanayotembea, katika mkoa mmoja! Nchi nyingine ingeona hapo ajira ya vijana: darasa la VETA la kufufua magari ya kale, utaratibu wa wazi wa kusafisha kadi za magari yaliyotelekezwa, ghala la vipuri halali, fundi akapewa cheti kinachotambulika ili mteja wa London amletee kazi huku badala ya kutubebea mizoga. Sisi tukatazama msafara ukipita, vumbi likatulia, kijana akarudi kijiweni kutafutiwa mzoga na dalali.

Je, waheshimiwa, rekodi inalipa kodi ya chumba? Na ile stika ya usalama barabarani, kama inabandikwa kwenye kioo huku breki haijaguswa na mtu, ni pambo la nani? Pale Lodoare abiria wanahesabiwa kichwa kwa kichwa kabla ya kupita. Tunataka breki nazo zitazamwe kwa macho yaleyale.

Wewe uliyekwisha kununua, mzoga uko uani na kuku wanatagia humo, usikate chochote. Ifunike isinyeshewe. Ile injini iliyokufa usiiuze kwa kilo, ifungie ndani. Anza na kadi, tafuta mwenye jina, maliza hilo kwanza hata kama itachukua mwaka.

Na wewe ambaye bado, dalali akipiga simu tena mwambie aje na kadi. Nyundo utakuja nayo mwenyewe.